Kabla ya Kutolewa Mtoto wa Jicho, Uliza

Huku kwetu Vihiga, magharibi mwa Kenya, mtu akitangaza kwamba anakwenda kutolewa mtoto wa jicho, maswali yote yanayomfuata ni ya kisu. Kinauma? Ni kweli jicho linatolewa, linawekwa shavuni, linasafishwa na kurudishwa? Jirani mmoja alimwambia mama yangu kwamba alimjua mtu aliyewekewa jicho la mbuzi. Mama hakumjibu, lakini kesho yake alituarifu kwamba safari ya hospitali isubiri mavuno ya mahindi yaishe. Mavuno yakaisha, ukaja msimu wa kupanda, na mama akaendelea kupapasa ukuta kila alipotoka nje usiku.

Mimi si daktari. Nimewasindikiza jamaa zangu kwenye kliniki za macho za Vihiga, Kisumu na Nakuru, nimekaa kwenye yale mabenchi marefu nikiwasikiliza wauguzi wakirudia maelezo yaleyale kwa wazee, na nimeona nani alirudi nyumbani akiona vizuri na nani alirudi akinung'unika. Ninachokiamini leo ni hiki: kisu ndicho sehemu fupi kuliko zote, na kwa watu wengi hakina matata. Utakavyoona baadaye huamuliwa zaidi na yale yaliyopimwa, yaliyosemwa na yaliyoulizwa kabla hujalala mezani. Hapo ndipo familia zetu hunyamaza, kwa heshima ya daktari, au kwa kuogopa foleni iliyo nyuma yetu, au kwa sababu hakuna aliyewahi kutuambia kwamba tuna ruhusa ya kuuliza.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Nyuma ya mboni nyeusi ya jicho kuna lenzi ndogo ya asili, angavu, inayokusanya mwanga na kuupeleka kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Lenzi hiyo ni maji na protini zilizopangika vizuri. Miaka ikisonga, protini hizo huvurugika na kushikana, na lenzi hupoteza uangavu wake, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukiwekwa motoni. Ute ulioiva haurudi kuwa maji. Ndiyo sababu hakuna tone, kidonge, asali wala mzizi unaomwondoa mtoto wa jicho. Anayekuuzia chupa sokoni na kukuahidi hivyo anakupotezea pesa na muda, na baadhi ya vitu hivyo huunguza jicho kabisa. Wengi pia huchanganya ugonjwa huu na kile kinyama kinachotambaa juu ya jicho kutoka upande wa pua, ambacho huwapata sana watu wanaoshinda juani na kwenye vumbi. Kinyama kile kiko nje. Mtoto wa jicho yuko ndani, na hakuna cha kukwangua.

Uzee ndio sababu kubwa. Sukari humleta mapema, sigara pia, na jicho lililowahi kupigwa na fimbo au jiwe linaweza kumpata hata kijana. Kuna sababu nyingine ambayo inanikera kwa sababu tunaweza kuizuia: matone ya macho yenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na mzio, kama deksamethasoni na betamethasoni, yanayonunuliwa dukani bila cheti cha daktari. Mtoto wa shule anawashwa macho kwa mzio, mzazi ananunua chupa, macho yanatulia baada ya siku mbili, basi chupa inakuwa dawa ya nyumba nzima kwa miezi. Steroidi zikitumiwa hivyo huweza kuleta mtoto wa jicho na, vibaya zaidi, presha ya macho inayoua mshipa wa kuona polepole bila maumivu. Daktari akiziandika kwa muda maalumu na kukufuatilia, ni dawa nzuri. Shida ni ile chupa isiyo na mwisho.

Na tusidhani ni tatizo la wachache. Mwaka 2005 timu iliyoongozwa na Daktari Wanjiku Mathenge ilipima macho ya watu wa miaka 50 na zaidi katika iliyokuwa wilaya ya Nakuru. Kati ya waliokuwa vipofu wa macho yote mawili, mtoto wa jicho ndiye aliyeongoza, takribani asilimia 42. Hao ni watu waliokuwa gizani kwa sababu ya kitu kinachotibika kwa muda usiofika saa moja. Kila nikikumbuka hesabu hiyo huwa namfikiria bibi anayeongozwa na mjukuu kwa fimbo, mjukuu ambaye angepaswa kuwa darasani.

Dalili za mwanzo ni za kudanganya. Taa za magari usiku huota miali na duara. Jua la mchana hukera. Rangi hufifia, nyeupe ikaelekea manjano. Miwani mpya inafaa miezi michache tu kisha haifai tena. Lakini kuna dalili moja inayopokelewa kwa furaha. Mzee mmoja wa kanisani kwetu alisimama siku ya ushuhuda akasema Mungu amemrudishia macho ya ujana, kwa maana sasa anasoma Biblia bila miwani aliyoivaa miaka mingi. Watu walipiga makofi. Kilichotokea ni kwamba mtoto wa jicho wa aina inayoanzia katikati ya lenzi huifanya lenzi iwe na nguvu zaidi, na mtu huanza kuona vizuri karibu huku mbali kukizidi kufifia. Hali hiyo hupita. Ukimwona mzee wako ameacha miwani ya kusomea ghafla, furahi naye, kisha mpeleke kliniki ya macho.

Halafu kuna jambo la kukomaa. Wazee wetu waliambiwa kweli, enzi hizo, warudi nyumbani wasubiri mtoto wa jicho akomae kwanza. Upasuaji wa wakati ule ulihitaji hivyo. Siku hizi kipimo ni maisha yako: je, kutoona kunakuzuia kufanya kazi, kupika, kuvuka barabara, kutambua sura za watu? Kama ndiyo, wakati umefika. Anayesubiri mpaka mboni igeuke nyeupe kabisa anajiongezea ugumu, kwa sababu lenzi iliyokomaa mno huwa ngumu kutoa, na wakati mwingine huvimba au kuvuja ndani ya jicho, ikapandisha presha ya jicho kwa maumivu makali na kichefuchefu. Hapo inakuwa dharura, na jicho linaweza lisirudi.

Sasa nifike kwenye swali ambalo kwangu ndilo la kwanza, ambalo ni wachache sana wanaoliuliza: baada ya mtoto wa jicho kutoka, kuna kitu kingine nyuma kitakachonizuia kuona?

Shangazi yangu wa Nakuru ana sukari ya miaka mingi. Alipoambiwa ana mtoto wa jicho alifurahi, kwa kuwa mwenzake wa chama alitolewa wake akaanza kushona tena. Muuguzi wa kliniki, mama mmoja mtulivu, akamketisha na kumweleza: «Mama, tutakutoa mtoto wa jicho, lakini sukari imeshaumiza retina yako. Utaona zaidi ya sasa, ila hutaona kama rafiki yako.» Shangazi alilia. Baada ya upasuaji alipoweza kutembea mwenyewe mpaka dukani, alishukuru, kwa sababu alijua mapema anachotarajia. Nimeona kinyume chake pia: mzee aliyekuwa na presha ya macho kwa miaka bila kujua, akatolewa mtoto wa jicho, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba mshipa wa kuona ulikuwa umekwisha kuharibika, mpaka leo anasema daktari alimharibu. Kijiji kizima kilisikia hadithi yake, na watu wasio na presha ya macho wakaogopa kwenda.

Kwa hiyo kabla ya kupangiwa tarehe, hakikisha wamepima presha ya jicho lako na wameitazama retina. Kama mtoto wa jicho ni mzito kiasi kwamba hawawezi kuona ndani, kuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha kama retina imekaa mahali pake. Watakumulika pia kwa tochi kutoka pande mbalimbali wakuulize mwanga unatokea wapi. Mama yangu alidhani ni mchezo wa kumpotezea muda. Kumbe majibu ya pale humwambia daktari mengi juu ya uhai wa jicho lililofunikwa. Ukiwa na sukari, uliza moja kwa moja: retina yangu iko vipi, na inahitaji matibabu kabla ya upasuaji?

Jambo la pili ni dawa unazomeza, zote. Baba mdogo ana tatizo la tezi dume, na hakuona uhusiano wowote kati ya mkojo na jicho. Kwenye kliniki alipoulizwa kama anatumia dawa alijibu, «Hapana, ni ya presha tu.» Mkewe ndiye aliyefungua mkoba na kutoa tamsulosini, dawa yake ya tezi dume. Daktari alishukuru sana. Dawa hiyo na ndugu zake hulegeza misuli ya kile kiduara chenye rangi kinachofungua na kufunga mboni. Wakati wa upasuaji mboni hugoma kupanuka na kiduara huyumbayumba, na daktari asiyejua anaweza kushtukizwa kazi ikiwa nusu. Akijua mapema, anajiandaa, ana mbinu zake, na kazi huenda vizuri. Kuacha dawa wiki moja kabla hakusaidii sana, maana athari yake hubaki muda mrefu, hata kwa aliyeiacha zamani. Kwa hiyo ni kusema tu. Nawaomba wazee wetu wa kiume msione aibu, na kama hamtaki kulisema mbele ya mkwe au binti, ombeni kubaki na daktari peke yenu.

Dawa za kuyeyusha damu kama warfarini, na aspirini, nazo zitajwe, lakini usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa sababu damu kuganda moyoni au kwenye ubongo ni balaa kubwa kuliko kuvuja kidogo kwenye jicho. Daktari ndiye wa kusema. Fanya hivi: weka dawa zote za nyumbani kwenye mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba, na uende nazo.

Sema pia kama una kikohozi kisichoisha, kama huwezi kulala chali bila kubanwa na pumzi, kama husikii vizuri. Mambo hayo yanaonekana madogo mpaka ukumbuke kwamba utalala chali, uso umefunikwa kitambaa, na kutakiwa utulie kabisa huku mtu akifanya kazi ndani ya nafasi ya milimita chache. Sukari ikiwa juu mno au presha ikipanda siku hiyo, utarudishwa nyumbani. Hilo halina maana kwamba umefukuzwa. Ni bora kurudi wiki ijayo kuliko kuvuja damu ndani ya jicho au kupata maambukizi. Na kwa wazee ambao Kiswahili kinawapiga chenga, mtu wa kutafsiri aje siku ya vipimo na siku yenyewe. Mama anaelewa Kiswahili cha soko vizuri kabisa, lakini akiogopa hurudi kwenye Kimaragoli, na mara mbili nilimsikia akiitikia «ndiyo» kwa jambo ambalo hakulielewa.

Lenzi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pana chaguo la kweli na ndipo watu huambiwa machache.

Bibi yake mama alitolewa mtoto wa jicho miaka mingi iliyopita, akarudi na miwani minene kama chini ya chupa. Wakati huo lenzi mbovu ilitolewa na hakuna kilichowekwa badala yake. Nadhani hofu nyingi za vijijini zimetoka kwa wazee wa kizazi hicho, waliolazwa siku nyingi wakikatazwa kugeuza kichwa. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa imeshapatikana mbali. Daktari Mwingereza Harold Ridley alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za kivita, vikiingia kwenye macho ya marubani, vilikaa humo bila jicho kuvikataa. Novemba 1949, hospitali ya St Thomas' mjini London, akamwekea mgonjwa lenzi ya kwanza ya plastiki ndani ya jicho. Wenzake walimpinga kwa miaka. Na hata ilipokubalika, lenzi hiyo ilikuwa ghali mno kwa watu kama sisi, mpaka miaka ya 1990 viwanda vya India na Nepal vilipoanza kuzitengeneza kwa bei ya chini. Leo, mtu anayetolewa mtoto wa jicho katika hospitali ya kaunti hutarajia kuwekewa lenzi, na lenzi hiyo hukaa maisha yote.

Ila lenzi si saizi moja kwa watu wote. Kila jicho lina urefu wake na mviringo wake wa mbele, na nguvu ya lenzi hukokotolewa kutoka kwa vipimo hivyo. Kipimo kikikosewa kidogo tu, milimita moja ya urefu wa jicho, utahitaji miwani mizito ambayo hukuitarajia. Hivyo mtu anapokuambia utulie na utazame taa ya mashine, tulia kweli, na kama macho yamekauka au yanatoa machozi, mwambie arudie. Uliza: mmenipima lenzi yangu mimi, au mtaniwekea ya wastani? Swali hilo lina uzito wa pekee kwenye kambi za macho za siku moja. Nyingi hufanya kazi safi, na nimeona watu wengi wakifunguliwa macho huko bila kulipa chochote, lakini uliza.

Kisha kuna swali la umbali. Lenzi ya kawaida huona vizuri umbali mmoja, basi. Lenzi ya ujana hujibonyeza na kujinyosha ili uone mbali na karibu. Hii ya plastiki haifanyi hivyo. Kwa kawaida madaktari huchagua mbali, ili utembee na kutambua watu bila miwani, na usome kwa miwani ya kusomea. Lakini fundi cherehani, mwalimu anayesahihisha madaftari, au mama anayeshinda akisuka huenda angependa karibu kuwe wazi na avae miwani ya mbali. Ni haki yake kusema. Mama yangu anauza mrenda, kunde na saga soko la Luanda, hapahapa Vihiga. Daktari alimuuliza siku yake huwaje, na mama akaeleza kwamba anataka kumwona mteja akitokea mbali na pia kusoma ujumbe wa M-Pesa kabla mteja hajaondoka na mboga. Hakuna lenzi ya kawaida inayofanya yote mawili. Alichagua mbali, na miwani ya kusomea inaning'inia shingoni kwa kamba. Hajawahi kulalamika, kwa sababu ni yeye aliyechagua.

Zipo lenzi za bei ya juu zinazogawanya mwanga ili uone mbali na karibu. Zinawafaa baadhi ya watu, hasa wenye retina nzima, na baadhi yao huona duara za mwanga kwenye taa usiku. Kwa mwenye sukari iliyogusa retina au mwenye presha ya macho mara nyingi si chaguo zuri. Kuna kliniki moja, sitaitaja, ambako tulibanwa kulipia «lenzi maalumu» na kila nilipouliza ni maalumu kwa lipi nilijibiwa kwamba ndiyo inayotumiwa na watu wanaojali wazazi wao. Tuliondoka. Lenzi ya kawaida iliyopimwa vizuri ni lenzi nzuri, na mtu asiuze ng'ombe kwa sababu ya aibu.

Mbinu za upasuaji nazo huwachanganya watu. Ya kwanza hutumia mashine ya mawimbi ya sauti kuivunjavunja lenzi na kuinyonya kupitia tundu la milimita 2 au 3. Ilianzishwa na Charles Kelman wa Marekani mwaka 1967. Ya pili huitoa lenzi nzima kwa mkono kupitia mkato mdogo unaojifunga wenyewe bila nyuzi. Huko Nepal, Sanduk Ruit na wenzake walizilinganisha kwa wagonjwa wenye mtoto wa jicho mzito, na matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kwamba zote mbili hutoa macho mazuri, ile ya mkono ikiwa ya haraka na ya bei nafuu. Kwa hiyo ukiambiwa hospitali yako haina mashine, usikimbie. Cha kuuliza ni kama anayekupasua hufanya kazi hiyo mara kwa mara. Kenya, pamoja na madaktari bingwa, ina maafisa wa kliniki waliosomea upasuaji wa mtoto wa jicho, na wengi wao wamefungua macho mengi sana vijijini.

Wapi pa kwenda? Magharibi tumebahatika kuwa na Hospitali ya Macho ya Sabatia hapa Vihiga. Kisumu kuna kitengo cha macho katika hospitali ya Jaramogi, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, na Nakuru kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, jisajili mapema kwa *147# na uulize hospitali husika kwa maneno haya: SHA italipa nini, na mimi nitatoa nini mfukoni? Uliza kama bei inajumuisha lenzi, matone, vipimo na safari za kurudi kuangaliwa. Hesabu nauli ya watu wawili, maana hutarudi peke yako.

Siku yenyewe haina mengi. Oga, osha uso vizuri, usipake mafuta wala wanja. Dawa za presha mara nyingi humezwa kama kawaida. Juu ya chakula na dawa za sukari, fuata ulivyoagizwa. Utatiwa matone ya kupanua mboni. Jicho litakalofanyiwa kazi huwekewa alama, na ukiulizwa ni lipi, lionyeshe kwa kidole, hata ukiulizwa mara kumi. Utapigwa sindano ya ganzi kando ya jicho, au utatiwa matone ya ganzi. Sindano hiyo ndiyo maumivu mnayoyauliza, nayo hupita haraka. Jicho halitolewi nje. Hukioni kisu, utaona mwanga, labda rangi zinazohama, na utasikia watu wakizungumza. Kwa kawaida ni kama dakika 20. Ukitaka kukohoa, sema kwanza. Mama aliomba sala yote kimoyomoyo na anasema hakuwa amefika mwisho walipomwambia ainuke.

Hatari zipo, na mgonjwa aambiwe. Kubwa ni maambukizi ndani ya jicho, ambayo ni nadra, karibu mtu 1 kati ya 1,000 au chini ya hapo, lakini yanaweza kuliua jicho. Kifuko chembamba kinachoshika lenzi kinaweza kuchanika. Retina inaweza kubanduka baadaye. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha ya mzee kabla hajatia sahihi au kidole gumba, na isomwe nje, si akiwa amekwisha kuvaa gauni la thieta.

Baada ya hapo kazi inahamia nyumbani, na kwa maoni yangu hapa ndipo wanawake wetu wanaponyimwa haki yao. Mama akitoka hospitali anakuta kuni, maji, jiko la moshi, ufagio mfupi wa kuinamia na mjukuu anayetaka kubebwa. Yote hayo ameagizwa ayaache kwa wiki kadhaa: asiinue vizito, asiiname kichwa chini, asiingize maji au sabuni kwenye jicho, asilifikiche, alale na kile kikinga cha plastiki. Nani atapika? Nani atachota maji? Kaeni kikao kabla ya tarehe, na wanaume wawemo. Amueni pia nani atatia matone, mara nyingi kwa siku mwanzoni, kisha yakipunguzwa kwa takribani wiki nne. Mikono ioshwe kwa sabuni, mdomo wa chupa usiguse jicho. Na mtu asiongeze maziwa ya mama, chai wala majani.

Kuwasha kidogo, machozi na ukungu siku za kwanza ni kawaida. Lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likizidi kuwa jekundu, usaha ukitoka, kuona kukipungua baada ya kuwa kuzuri, au ukiona mimweko ya mwanga na kama pazia linashuka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri Jumatatu wala tarehe ya kliniki. Kwa kambi za macho, pata namba ya simu ya atakayekuona timu ikishaondoka, na uipate kabla ya upasuaji.

Miwani ya kusomea isinunuliwe mapema. Jicho likitulia, baada ya wiki nne hadi sita, ndipo hupimwa. Na miezi au miaka baadaye, ukungu ukirudi, usiamini anayesema mtoto wa jicho ameota tena. Lenzi ya plastiki haigeuki hivyo. Ni kile kifuko nyuma yake kilichofifia, na leza hukifungua kwa dakika chache bila kisu. Nimewajua watu waliokaa nusu vipofu kwa miaka wakidhani upasuaji ulishindikana, na kilichohitajika ni safari moja.

Limebaki jicho la pili. Kwa kawaida hufanywa moja kwanza, la pili likapangwa baadaye, na hapo wengi huridhika wakaacha. Jicho moja zuri na jingine lenye ukungu hukosesha mtu kipimo cha umbali, na mzee hujikwaa kwenye ngazi au kumimina chai nje ya kikombe. Mama yangu amepangiwa la kushoto. Safari hii hatukumtafsiria. Alimuuliza sista mwenyewe kama jicho hili nalo litapimwa upya au watatumia namba za lile la kulia, na sista akamjibu kwamba kila jicho lina vipimo vyake, akamwonyesha kiti cha mashine.